Mtu wa Tatu

Daftari la nyumba yetu ya Katuba, hapa Lubumbashi, ninalo mimi mpaka leo. Ni daftari la shule, jalada lake la bluu limepauka kwa mafuta na jasho la mikono. Baba alipofariki, sisi watoto tulio kazini tulikubaliana kila mmoja atoe alichonacho mwisho wa mwezi, nami kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka nikapewa kazi ya kuandika: unga, makala ya kupikia, sabuni, dawa, umeme, karo za watoto wa marehemu kaka yetu. Mstari wa sita ulisema hivi: binti wa kumwangalia Mudogo, dola 50.

Mudogo ndiye kitinda mimba wetu. Ana mtindio wa ubongo tangu kuzaliwa. Miguu haimbebi, mikono imejikunja kifuani, na maneno humtoka moja moja kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Akili yake ni timamu na kumbukumbu yake inatupita wote: ukitaka kujua mvua ya kwanza ilinyesha siku gani mwaka baba alipokufa, muulize yeye. Ana miaka 38. Bado tunamwita Mudogo, na nimeanza kufikiri kwamba jina hilo lilitufanya tusahau kwamba alikua.

Mwaka 2011 dada yetu mkubwa, ambaye sote tunamwita Yaya, alifiwa na mumewe huko Likasi akarudi nyumbani na mabegi mawili. Haukupita mwezi, yule binti wa kazi akaaga kwenda kuolewa. Hatukutafuta mwingine. Tulisema, Yaya yupo. Nikachukua rula nikapiga mstari juu ya mstari wa sita. Rula naikumbuka kwa sababu nilitaka ukurasa ubaki safi. Mama hakuuliza, kaka zangu hawakuuliza, Yaya mwenyewe hakuuliza. Kitanda kilikuwa kile kile, mwili wa kunyanyuliwa ulikuwa ule ule, na uzito ulizidi kila mwaka. Mgeni alilipwa kwa kazi hiyo. Ndugu alipoishika, malipo yalikoma, na ikachukua miaka 13 kwangu kuona kwamba kuna kitu kilikuwa kimetokea siku ile.

Nieleze kazi yenyewe, maana anayesema "kumwangalia" hudhani ni kukaa kando ya mtu na kumtazama.

Yaya huamka saa kumi na moja alfajiri. Mabomba ya mtaani kwetu hayaaminiki, kwa hiyo maji huyateka kisimani kwa jirani, bidoni tatu za lita ishirini, moja kichwani, kila moja kwa safari yake. Huwasha mbabula, jiko la makala, uani, akatenga sufuria. Maji yakianza kutoa mvuke, hafanyi haraka kuyachukua. Kwanza huchuchumaa akapasha mikono yake moto juu ya makala, akiigeuza mbele na nyuma, hasa Juni na Julai baridi ya Lubumbashi inapoingia mpaka kwenye mifupa. Miaka mingi nilidhani anajipasha moto mwenyewe. Siku moja nilimuuliza. Akaniambia kwamba mkono baridi ukimgusa Mudogo, mwili wake wote hukakamaa kama ubao, na hapo kumvua shati huchukua nusu saa na yeye huumia. Kwa hiyo anaota moto kwa ajili yake.

Ngumi za Mudogo hazifunguki kwa kulazimishwa. Ukivuta vidole, hukaza zaidi. Yaya hushika kifundo cha mkono akakikunja polepole kuelekea chini, na vidole hulegea vyenyewe, kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyekubali. Hapo hupitisha kitambaa chenye sabuni kwenye kiganja, maana jasho likikaa humo ngozi huoza na kunuka. Hakuna shule iliyomfundisha. Aligundua kwa kujaribu asubuhi nyingi. Baadaye mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo alipomwona akifanya hivyo alisimama akamtazama, akasema hana la kumwongezea.

Baada ya kuoga ni kumvisha, kumlisha bukari, yaani ugali, kwa vitonge vidogo huku kichwa chake kimeegemezwa vizuri asipaliwe, kufua mashuka, kumgeuza upande ili asipate vidonda, kumpeleka haja. Usiku huamka mara mbili kumgeuza tena. Sasa Yaya ana miaka 56 na mgongo wake umepinda. Akiinuka kutoka kwenye kigoda hushika ukuta.

Kilichonifumbua macho kilitoka mbali. Nina rafiki niliyesoma naye sekondari hapa mjini, ambaye ndoa ilimpeleka Ufaransa, Toulouse. Mume wake alipata kiharusi akiwa na miaka 49, upande wote wa kulia ukafa. Usiku mmoja alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, akiongea kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, sauti chini kama mtu anayeungama: "Balikuya bantu ba biro, banabeba makaratasi, banahesabia dakika. Bananiuliza, unamuoshaka dakika ngapi?"

Alikuwa anaona haya. Watu wale walitoka kwenye ofisi inayoshughulikia watu wenye ulemavu katika wilaya yake, na walikuja kumpimia mume wake haki iliyowekwa na sheria ya tarehe 11 Februari 2005, sheria inayompa mwenye ulemavu fedha za kufidia mahitaji yake, zikiwemo fedha za msaada wa mtu. Ndani ya sheria hiyo mume, mke, mzazi au mtoto anayemhudumia mgonjwa anaweza kupokea fidia. Kiwango chake ni nusu ya mshahara wa chini wa saa moja baada ya makato, na hupanda hadi asilimia 75 ikiwa ameacha kazi yake au ameipunguza ili amhudumie. Rafiki yangu alikuwa ameacha kazi ya kusafisha hotelini. Hata hivyo wiki mbili nzima alikataa kusaini. Nilipwe kwa kumwosha mume wangu? Mama angesema nini huko nyumbani Kamalondo?

Nilimjibu haraka, na nasikitika kwa jibu hilo. Nilimwambia kwamba Wazungu wameharibu kila kitu mpaka ndoa, na kwamba kwetu mapenzi hayapimwi kwa saa.

Lakini zile dakika hazikuniacha. Nilitafuta kanuni za Wafaransa nikazisoma zote. Kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya mawakili, kusoma kanuni ndiyo riziki yangu. Wameandika kipimo cha juu kwa kila tendo la siku: usafi wa mwili dakika 70, kuvaa na kuvua dakika 40, kula saa 1 na dakika 45, haja dakika 50. Ukijumlisha haya manne tu unapata saa 4 na dakika 25 kwa siku. Alhamisi moja nikaomba ruhusa kazini, nikakaa Katuba na simu mkononi, nikamhesabia Yaya bila kumwambia. Kufikia saa nne usiku nilikuwa nimeandika saa 9 na dakika 10, na usiku wa kumgeuza ulikuwa haujaanza. Katika orodha ya Wafaransa sikuona mahali pa kuandika kuteka maji. Hapakuwa na mahali pa kuwasha mbabula, wala pa kupasha mikono moto.

Na hapo likanijia jambo ambalo nilikuwa nalo mezani siku zote. Ofisi yetu hushughulikia mafaili ya ajali za kazini, ya watu waliovunjika migodini, viwandani, kwenye malori. Nchi yetu, Kongo, ina sheria ya hifadhi ya jamii ya tarehe 15 Julai 2016, ile iliyotuletea mfuko wa CNSS mahali pa INSS ya zamani, na ndani yake mfanyakazi aliyelemaa kabisa, asiyeweza kufanya mambo ya kila siku bila kusaidiwa, huongezewa kiasi juu ya pensheni yake kwa ajili ya msaada wa "mtu wa tatu". Maneno hayo nimeyapiga chapa mara nyingi sana. Nilivyoyaelewa mimi, wa kwanza ni mfanyakazi, wa pili ni mfuko unaolipa, na wa tatu ni yule asiye na jina anayeinua, anayeosha, anayegeuza. Nimewapokea wake wa wachimbaji wamekaa kwenye benchi letu na khanga zao, nikawaandikia barua za kudai nyongeza hiyo, na nikirudi nyumbani jioni nilimkuta mtu wa tatu wetu anakanda bukari, nikamsalimia, nikapita.

Kwa hiyo fikra kwamba mikono hiyo ina bei haikuja na ndege kutoka Ulaya. Serikali yetu imeikubali zamani kwenye karatasi. Ila imeikubali kwa ulemavu uliopitia langoni mwa kiwanda. Uti wa mgongo ukivunjika kazini, mtu wa tatu anatajwa. Ubongo ukiumia siku ya kuzaliwa, katika nyumba ya mitaa yetu ya Katuba, Kenya au Ruashi, mtu wa tatu ni dada yako na hatajwi popote.

Wazee wa mji huu wanajua jambo jingine linalofanana na hilo. Babu yetu alikuwa mtu wa kampuni ya shaba ya Union Minière, aliingia kazini baada ya kampuni kuanza siasa yake ya mwaka 1928 ya kuwakalisha wafanyakazi hapa na familia zao badala ya kuwaleta na kuwarudisha vijijini kila baada ya miezi michache. Posho ilitolewa kwa hesabu ya midomo: mume, mke, watoto. Bibi alikuwa akituhadithia jinsi unga, samaki na maharage vilivyopimwa kulingana na kitabu cha babu. Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma. Ilikuwa imehesabu kwamba mtu aliyelala vizuri, aliyepikiwa na ambaye mtoto wake anatunzwa, huchimba shaba zaidi. Yaani makarani wake walijua, karibu miaka mia iliyopita, kwamba kuna kazi nyumbani inayobeba kazi ya mgodini, na wakaiweka kwenye bajeti. Lakini kitabu cha posho kilikuwa na jina la babu. Bibi alipokea kwa jina la mwingine maisha yake yote.

Swali la jina la nani, mkono wa nani, nililichukua kama dogo. Baadaye nimeona ndilo linalotawala mengine yote.

Mwaka jana nilienda kwenye kikao cha familia na daftari langu. Nilifungua ukurasa wa 2011 nikawaonyesha mstari uliokatwa. Nikasema nataka turudishe mstari wa sita, na jina la Yaya liandikwe pale. Mjomba wetu, mzee ninayemheshimu, aliyetulea baada ya baba, alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

"Ndugu hamulipake," alisema. "Ukimulipa ndugu, umemugeuza boyi."

Alikuwa na hoja na niliisikia. Katika maisha yake aliona fedha ikiingia kwenye nyumba na kuwatenganisha watu waliokuwa wakila sahani moja. Aliogopa kwamba siku dola zikikosekana, Yaya ataweka kitambaa chini na kusema mwezi huu sijalipwa. Kaka yangu akaongeza hofu yake, nayo ni ya kweli kuliko zote: kwamba nyumba ikijua kuna malipo, msichana atatolewa shule ili ashike nafasi hiyo. Nimewaza sana juu ya hili. Lakini wasichana wanatolewa shule leo, bure, kwa kazi hii hii, na kwa sababu haina jina hakuna mwalimu wala mkuu wa mtaa anayeweza kuuliza kwa nini.

Yaya alikuwa amekaa mlangoni, anachambua majani ya sombe. Hakuinua macho.

"Ule binti alikuwaka na siku ya mungu," alisema. "Miye sina."

Chumba kilinyamaza. Yule binti wa dola 50 alikuwa akienda kwao kila Jumapili, tulikuwa tumepatana naye hivyo siku ya kwanza. Kwa miaka 13 Yaya aliondoka kanisani kabla misa haijaisha. Mjukuu wake wa kwanza alizaliwa Likasi, kilomita 120 tu kutoka hapa, akamwona mtoto ana meno tayari. Sisi tulikuwa tunabishana kama upendo unaweza kulipwa, na yeye alikuwa anataka siku moja kati ya saba.

Kisha sauti ikatoka kwenye kiti cha Mudogo. Tulikuwa tumemzungumzia nusu saa nzima mbele yake, na hakuna aliyemgeukia. Ilimchukua muda mrefu kuyatoa maneno, na mama alitaka kumsaidia kumalizia, Yaya akamzuia kwa mkono.

"Ni miye banaoshaka," alisema. "Miye njo nitalipa."

Alitaka fedha zipite mkononi mwake. Sikuwa nimefikiria hilo kabisa. Mimi karani, niliyesoma sheria za nchi mbili, nilikuwa tayari kuhamisha noti kutoka mkono wangu hadi mkono wa Yaya juu ya kichwa cha mtu ambaye mwili wake ndio unaoshughulikiwa. Kwa muda wote wa maisha yake Mudogo alipokea. Alikuwa anasema kwamba akilipa, anaweza pia kuomba: nisioshwe saa hii, nataka kwanza kusikiliza redio, leo usinivishe shati lile. Mtu anayepewa kila kitu kwa hisani huogopa kusema hivyo kwa dada yake mwenye mgongo mbovu.

Tulikubaliana dola 60 kwa mwezi kwa Yaya, na kitu kidogo kwa kijana wa jirani mwenye nguvu na subira, aliyefundishwa na Yaya mwenyewe, ashike Jumapili. Najua hesabu yangu. Dola 60 kwa saa 9 za kila siku ni aibu. Na zinatoka kwenye mishahara ya watu wanne, ambao mmoja akifukuzwa kazi kesho mstari wa sita utakatwa tena. Nyumba nyingi za mji huu hazina hata huyo mmoja mwenye mshahara. Ndiyo maana siwezi kuliacha jambo hili kwenye daftari la familia.

Serikali yetu imejifunga yenyewe. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yake. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 28 kinataja waziwazi msaada wa serikali kwa familia maskini, fedha, mafunzo, na mtu wa kumpokea zamu anayehudumu ili apumzike. Tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria yetu wenyewe, sheria ya kimsingi namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Nimeisoma kalamu mkononi. Ni sheria nzuri kuwa nayo, na Yaya hajaona hata faranga moja kutokana nayo.

Wanaosema hakuna fedha waende wakasimame barabara ya Kasumbalesa wahesabu malori ya shaba na kobalti. Kanuni ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mji au eneo linalochimbwa, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mkoa wetu wa Haut-Katanga una sehemu yake. Sidai kwamba yote iende kwa watu wa tatu. Nadai kwamba posho iliyohesabiwa kwa midomo enzi za babu haiwezi kushindikana kuhesabiwa kwa mikono leo.

Majirani wamejaribu, wala si matajiri wa kupindukia. Nchi ya Kenya tangu 2011 ina malipo kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi, na anayemhudumia ndiye huenda kuzipokea. Ni kidogo, na ni za kaya nzima, wala si mshahara wa mtu. Afrika Kusini, waliko watu wengi wa Lubumbashi, inamwongezea mwenye ruzuku ya ulemavu kiasi kingine akihitaji mtu wa kumhudumia. Hizo hupitia kwake. Mimi, baada ya kumsikia Mudogo, nipo upande wa njia hiyo pale ambapo mwenyewe ana akili ya kuamua, na jina la anayehudumu liandikwe kando yake kama jina la mfanyakazi, pamoja na siku yake ya mapumziko na akiba yake ya uzeeni. Hata Wafaransa kwa kawaida huogopa kwenda mbali hivyo kwa wake na wazazi. Wanaita fidia, kama vile kuna kitu kilichovunjwa. Rafiki yangu wa Toulouse alisaini hatimaye. Nilimwomba radhi kwa maneno yangu. Aliniambia alikuwa ameshayafuta.

Mwisho wa mwezi huwa nafika Katuba jioni na noti tatu za dola 20. Nazichagua moja moja benki, maana hapa kwetu dola yenye mpasuko wa upana wa ukucha hakuna anayeipokea. Nazikunja, naziweka kwenye kiganja cha Mudogo, na ngumi yake hujifunga juu yake. Yaya hufuta mikono kwenye kikwembe, akaja akaketi mbele yake. Mudogo humwambia kiasi, kwa sauti, mpaka alimalize neno. Kisha hunyoosha mkono kadiri unavyofika. Yaya hakivuti kidole hata kimoja. Hushika kifundo cha mkono, akakikunja taratibu kuelekea chini, na vidole huachia.

Yeye huzikunjua noti moja moja, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hakuna iliyopasuka?" Mudogo huuliza.

"Hakuna," husema Yaya, na kuzifunga kwenye pindo la kikwembe.